Kabla Hujatoa Pesa: Kagua Seti ya Roboti za Kugeuka, Kiungo kwa Kiungo

Roboti ya kugeuka ina maumbo mawili au zaidi. Sasa hivi ni lori. Kunja hapa, zungusha pale, inasimama kwa miguu miwili ikiwa na kichwa na mikono. Kila ugeuzaji unapita kwenye bawaba, pini na soketi, na baadhi yake ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Thamani yake yote imo humo. Rangi inaweza kung'aa na boksi likapendeza, lakini nyonga ikishalegea au pini ya bega ikishapasua plastiki, umenunua sanamu, tena sanamu isiyoweza kusimama.

Nimeandika mwongozo huu nikiwa Nguvumali, Tanga, kwa ajili ya watu wa aina tatu: mzazi anayetaka zawadi ya maana kwa mwanawe, kijana aliyeanza kukusanya na anaagiza kutoka Japani, Marekani au Dubai, na muuzaji wa mitumba anayeikuta roboti ya zamani kwenye balo la midoli asijue kama ni ya elfu mbili au ya laki mbili. Wote wanahitaji njia ya kukagua isiyotegemea maneno ya anayeuza. Na sisi wa pwani tuna swali la ziada ambalo tathmini zinazoandikwa kwenye nchi za baridi hazilijibu: je, kitu hiki kitastahimili joto, unyevu na chumvi ya hapa?

Jua kwanza unakagua nini

Asili ya roboti hizi ni Japani. Kampuni ya Takara ilitoa roboti za Diaclone mwaka 1980 na za Micro Change mwaka 1983. Hasbro ya Marekani ikazichukua, ikazipa majina na hadithi mpya, na mwaka 1984 zikaingia madukani kwa jina la Transformers. Optimus Prime, lori jekundu na buluu, alikuwa Diaclone kabla ya kuitwa Optimus. Takara na Tomy ziliungana mwaka 2006, ndiyo sababu maboksi ya Kijapani ya leo yameandikwa Takara Tomy. Huku kwetu wengi walimjua Optimus kwa sinema ya Michael Bay ya mwaka 2007, kwenye mabanda ya video na CD za kutafsiriwa.

Historia hiyo ina kazi mezani. Ukiona mwaka 1984 umechongwa chini ya mguu, usikimbilie kusema umepata ya zamani. Mwaka unaochongwa ni wa haki ya muundo, na miundo ya miaka ya 1980 imetolewa upya mara kadhaa, mojawapo ikiwa ile iliyouzwa Walmart, Marekani, mwaka 2018.

Kisha jua daraja, maana bei inafuata daraja:

- Deluxe: urefu wa takriban sentimita 14. Nyepesi, hatua chache za kugeuza.
- Voyager: sentimita 17 au 18 hivi. Viungo vinene zaidi, mikono inayoshika vizuri.
- Leader: kwa kawaida kubwa kuliko Voyager.
- Titan: karibu sentimita 60. Metroplex ya mwaka 2013 ni mfano.
- Masterpiece: mfululizo wa watu wazima ulioanza mwaka 2003, wenye alama MP na namba. Optimus ana MP-01 ya 2003, MP-10 ya 2011 na MP-44 ya 2019. Boksi linasema miaka 15 na kuendelea, na linasema kweli.

Kuna pia seti za kuungana, ambapo roboti kadhaa zinashikamana kuwa moja kubwa. Devastator ya mwaka 2015 ni roboti 6 za magari ya ujenzi zinazounda moja ya sentimita 46 hivi. Juu kabisa wapo wakubwa wa bei: Unicron, ambaye Hasbro ilikubali kumtengeneza mwaka 2019 baada ya wanunuzi 8,000 kujiandikisha kwa dola 575 kila mmoja, na Optimus wa Robosen wa mwaka 2021, aliyetoka kwa dola 699, anayejigeuza mwenyewe kwa mota ukimwamrisha kwa sauti. Huyo wa mwisho ni kompyuta yenye miguu, na ukaguzi wake una mambo yake, nitayafikia.

Vifaa vya mezani

Andaa hivi kabla muuzaji hajafika au kabla hujakata utepe wa boksi:

- Kitambaa cheupe au shuka la rangi moja. Kipande kidogo kikidondoka kwenye mkeka wenye nakshi hukioni tena.
- Tochi ya simu na lenzi ya kukuzia. Kama huna lenzi, nenda kwa fundi simu yeyote. Anayo, na mkono wake umezoea vitu vidogo.
- Bisibisi ndogo ya nyota inayoingia barabara kwenye skrubu. Isiyoingia vizuri itakula kichwa cha skrubu.
- Brashi laini, kitambaa kikavu, na bakuli la skrubu na vipande vidogo.
- Kitabu cha maelekezo. Kama hakipo, tafuta picha zake na uziweke kwenye simu kabla ya kuanza.
- Betri mpya za saizi inayotakiwa, kama roboti ina taa au sauti.

Fanya kazi asubuhi. Chumba cha bati kikichemka saa nane mchana, plastiki nayo inalainika kidogo, na kiungo kilicholegea kinaweza kukudanganya, au kigumu kikapinda badala ya kuzunguka.

Hatua za ukaguzi

1. Piga picha kabla ya kugusa. Boksi pande zote 6, utepe, namba ya bidhaa, halafu roboti jinsi ilivyolala ndani. Ukija kudai fidia kwa muuzaji wa mbali, picha hizi ndizo ushahidi wako.

2. Hesabu vipande. Linganisha na mchoro wa vipande kwenye kitabu. Kinachopotea ni kile kinachochomoka: ngumi, bunduki, makombora, pembe, matela. Optimus wa 1984 ana ngumi zinazotoka kabisa mikononi, na ndizo za kwanza kutafutwa. Seti ya kuungana ikikosa kipande kimoja cha kuunganishia, usiihesabu kuwa seti pungufu kidogo. Roboti kubwa haitaundika, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

3. Tazama rangi ya plastiki kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa. Plastiki nyeupe na ya kijivu hugeuka manjano kwa jua na miaka. Fungua sehemu iliyokuwa imefichwa, ndani ya paja au chini ya mlango wa gari, ulinganishe na ya nje. Tofauti ikiwa kubwa, roboti ilikaa dirishani.

4. Kagua sehemu zilizopakwa fedha inayong'aa kama kioo. Ni tabaka jembamba sana, na likishabanduka halirudi. Angalia kingo, mahali vidole vinaposhika.

5. Kagua stika. Roboti nyingi za zamani kuanzia mwaka 1985 zina stika nyeusi ya mraba inayoonyesha alama ya kundi lake ukiipasha joto kwa kidole. Ijaribu asubuhi kukiwa na ubaridi. Mchana wa kaskazi alama inaweza kuwa imeshajitokeza yenyewe, ukakosa cha kupima.

6. Gusa viungo kimoja kimoja. Hapa ndipo utumie muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Shika sehemu mbili za kiungo karibu na pini, si kwenye ncha, kisha zungusha polepole. Kuna aina tatu za viungo, na kila kimoja kina lugha yake:

 – Kiungo cha msuguano hakitoi sauti. Kinatakiwa kubaki ulipokiacha.
 – Kiungo cha meno hutoa mlio wa tik-tik, na kila mlio uwe sawa na mwenzake. Tik ikikosekana mahali pamoja, jino limevunjika.
 – Kiungo cha gololi, ambacho ni mpira mdogo kwenye kikombe, huzunguka pande zote. Kikichomoka kwa urahisi, kikombe kimepanuka.

 Sasa chukua lenzi na tochi utazame plastiki inayoizunguka kila pini. Kijana mmoja wa mtaani alileta roboti ya kuungana kwa fundi simu ninayekaa naye barazani. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Chini ya lenzi, kwenye bega la kulia, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba ulioanza kwenye tundu la pini ukaishia ukingoni. Fundi akausukuma mkono kidogo tu. Mstari ukafunguka kama mdomo, ukafumba tena alipouachia. Roboti ile ilikuwa imebakiza ugeuzaji mmoja au miwili kabla ya kukatika mkono. Mstari mweupe kwenye plastiki ya rangi maana yake plastiki imevutwa kupita uwezo wake. Ukiuona kwenye pini ya bega, nyonga au kiuno, bei ikatwe nusu au uache.

7. Geuza kwa kufuata kitabu, mara moja kwenda na mara moja kurudi. Usimwachie muuzaji akugeuzie. Anajua pa kupita haraka. Ukikwama, rudi nyuma hatua mbili, maana mara nyingi kuna kifuniko hukukifungua au sehemu hukuizungusha. Hakuna hatua yoyote kwenye roboti iliyotengenezwa vizuri inayohitaji nguvu ya kukaza meno. Sikiliza vilevile: plastiki ikilia mkwaruzo, simama.

8. Funga umbo la gari kabisa. Wengi wanakagua umbo la roboti na kusahau gari. Paneli zikutane bila mwanya, magurudumu yote yaguse meza, gari lisukumike na kutembea. Umbo la gari lisipofunga ni dalili kwamba kuna sehemu imepinda ndani.

9. Isimamishe usiku kucha. Kama unaweza kuomba siku moja kabla ya kulipa, iweke wima mezani, mkono mmoja umeinuliwa. Asubuhi uone kama mkono umeshuka au kiuno kimeinama. Joto la usiku wetu linafichua nyonga dhaifu kuliko jaribio lolote la dakika tano. Kwa seti ya kuungana, iunganishe kabisa kwanza. Uzito wa roboti zote ukikaa juu ya nyonga mbili ndipo ukweli unapotoka.

ONYO: Ukiona plastiki ya rangi ya dhahabu yenye chenga zinazometa na mawimbi ndani yake, hasa kwenye roboti za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, usiigeuze kabisa. Plastiki ya namna hiyo hudhoofika yenyewe kwa miaka, hata ikiwa ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa, na huvunjika vipande kama biskuti ukiigusa. Inunue kwa ajili ya kutazama tu, au usiinunue.

Orijino, kopi na ya pembeni

Kopi nyingi zinazopita sokoni zinajulikana kwa mambo haya yakija pamoja: harufu kali ya kemikali inayobaki hata baada ya siku nzima hewani, maandishi yenye makosa kwenye boksi, alama ya kampuni iliyofutwa chini ya mguu au mgongoni, na skrubu zenye vichwa tofauti tofauti kwenye roboti moja. Dalili moja peke yake haitoshi. Roboti ya zamani inaweza kuwa na skrubu ngeni kwa sababu tu fundi alishaifungua.

Kuna pia kundi la tatu, roboti za pembeni: ni za kampuni ndogo, nyingi za China, zinazobuni roboti zao zinazofanana na wahusika maarufu bila kibali, kwa jina jingine. Nyingine zina viungo vizuri kweli. Lakini hazina dhamana, vipuri havipatikani, na siku ya kuuza utapata mnunuzi mwenye mashaka. Anayekuuzia aseme wazi ni ya kundi gani. Akikuuzia kopi kwa jina la orijino, una pa kupeleka malalamiko: Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia Tanzania Bara. Weka risiti na zile picha za hatua ya kwanza.

Hewa ya Tanga

Nguvumali haiko ufukweni kama Raskazone, lakini tazama nondo za madirisha ya mtaa wowote ujue chumvi inafika wapi. Roboti nayo ina vyuma vingi vilivyofichika. Pini ni za chuma cha pua au chuma cha kawaida. Skrubu na springi mara nyingi ni za chuma cha kawaida. Na roboti za bei kubwa zina sehemu za aloi ya zinki kifuani, kwenye nyonga na nyayo, ili ziwe nzito na zisimame.

Kila chuma kina ugonjwa wake. Chuma cha kawaida hutoa kutu ya kahawia, na utaiona kwanza kama doa dogo kwenye plastiki pembeni ya pini. Kutu huvimba, pini ikivimba ndani ya tundu lake, plastiki inapasuka, na ule mstari mweupe wa hatua ya 6 mara nyingine umetokana na hapo. Aloi ya zinki haitoi kahawia. Yenyewe hutoa unga mweupe au rangi yake huinuka malengelenge. Doa dogo la kahawia linasafishika. Malengelenge kwenye zinki yana maana ugonjwa upo chini ya rangi tayari, na ukifuta juu hujautibu.

Adui mwingine ni mpira. Roboti nyingi za magari zina matairi ya mpira laini. Matairi hayo yakilala miaka juu ya povu jeupe la boksi au juu ya plastiki nyingine, mafuta yaliyomo kwenye mpira huhama na kuiyeyusha plastiki hiyo taratibu. Kwa joto letu hili mambo yanakwenda haraka zaidi. Inua kila tairi uone kama limeacha alama.

Ukishanunua, ihifadhi hivi:

- Kabati lenye mlango, mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa bahari na mbali na jua. Rafu ya wazi ni ya kuonyeshea wageni siku mbili tatu, si ya makazi.
- Vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Weka kadhaa na uvibadilishe masika ikianza mwezi Machi, kisha vuli ikianza Oktoba. Visikae mahali mtoto anafikia.
- Karatasi nyeupe isiyo na wino kati ya tairi na povu. Usitumie gazeti.
- Boksi lisilale sakafuni. Mchwa na mende hula karatasi na gundi, na boksi zuri ni sehemu kubwa ya bei siku ya kuuza.
- Kila baada ya miezi michache, toa roboti, ipanguse kwa brashi kavu, igeuze mara moja polepole, uirudishe. Kiungo kisichoguswa miaka mitatu huganda.
- Toa betri kabla ya kuhifadhi. Hili halina udhuru. Betri ikivuja inakula shaba ya ndani, na roboti yenye sauti inabaki bubu.

Kama betri imeshavuja na kuacha unga mweupe au wa kijani, na ni betri za kawaida za alkalini, tia siki kidogo kwenye pamba ya kijiti, futa, kisha futa tena kwa kijiti chenye maji kidogo na ukaushe kabisa. Vaa glovu na usiguse macho.

Zenye umeme na mota

Kwa roboti ya kujigeuza yenyewe, kabla ya kuchomeka chochote ukutani soma maandishi madogo ya chaja. Umeme wetu ni volti 230. Chaja iliyoandikwa 100–240 ni salama, unahitaji adapta ya soketi tu. Iliyoandikwa 100 peke yake, ambayo ni ya Japani, au 120 peke yake, ya Marekani, itaungua papo hapo na inaweza kuondoka na roboti. Kisha jaribu mambo manne: inachaji hadi mwisho, inageuka kwenda na kurudi bila mota kulalamika, inashika simu yako, na programu yake inapatikana kwa simu ya aina yako. Hilo la programu watu hulipita, nami naliona zito. Kampuni ikiacha kuihudumia programu, nusu ya roboti inakufa ingali nzima. Betri zake ni za lithiamu, kwa hiyo muulize msafirishaji mapema kama anabeba; wengi wana masharti.

Gharama yenyewe

Bei ya dukani ugenini si bei yako. Chukua bei, ongeza usafiri na bima. Hapo ndipo forodha inapoanzia hesabu. Kwa bidhaa iliyokamilika ya kuchezea, ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo. Mzigo wa dola 100 pamoja na usafiri unakuwa 125 baada ya ushuru, na 147.50 baada ya VAT, bado tozo ndogo na mtu wa kukutolea mzigo kama umemtumia. Thibitisha viwango vya mwaka husika TRA kabla ya kuagiza. Anayekuambia "hii haina ushuru, ni toi tu" hajui au hakutakii mema.

Kwa seti za kulipia kabla hazijatengenezwa, kumbuka Unicron: waliolipa mwaka 2019 walimpokea mwaka 2021. Usitumie ada ya shule kwa mambo hayo.

Watoto na usalama

Angalia alama ya uso wa mtoto ndani ya duara lililokatwa mstari, yenye 0-3. Inamaanisha vipande vyake vinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumba zetu zina watoto wa rika zote kwenye sebule moja, kwa hiyo roboti ya kaka wa miaka 10 ni hatari kwa mdogo wake anayetambaa. Ngumi na makombora yakae kwenye kopo lenye mfuniko.

Betri za kitufe, zile bapa kama sarafu, ni hatari kuliko zote. Zikimezwa zinaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe na usisubiri uone. Mkimbize hospitali ya Bombo mara moja, na uchukue pakiti ya betri. Mlango wa betri kwenye kitu cha mtoto lazima ufungwe kwa skrubu.

Jambo jingine ni Megatron wa 1984. Anageuka kuwa bastola inayofanana mno na bastola halisi ya Walther P38. Asitembezwe mtaani, asipewe mtoto akachezee nje, asiwekwe kwenye begi la basi au la ndege. Askari akiiona kwa mbali hana njia ya kujua ni plastiki.

Makosa yanayoua roboti nzuri

- Kupulizia mafuta ya kulegeza nati za gari kwenye kiungo kigumu. Yanaweza kuidhoofisha plastiki na kuacha madoa. Tumia tone moja la mafuta ya silikoni kwa ncha ya kijiti.
- Kufuta uchafu kwa petroli, thina au spiriti kali. Rangi inaondoka na uchafu. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo yanatosha kwa plastiki isiyo na stika wala umeme; kausha kabisa.
- Kuanika juani baada ya kuosha. Kivulini penye upepo panatosha.
- Kutia gundi ya haraka kwenye kiungo kilicholegea. Kitaganda milele. Kwa gololi iliyolegea, paka gundi nyeupe ya mbao tabaka jembamba, acha ikauke siku nzima nje ya kikombe, kisha irudishe. Ukikosea, inabanduka bila kudhuru.
- Kulipa kwa simu kabla ya kuona video ya roboti ikigeuzwa mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Muuzaji wa mbali mwenye roboti nzima hana sababu ya kukataa.

Orodha ya kubeba mfukoni

☐ Boksi na picha za pande zote
☐ Vipande vyote vipo, ngumi na silaha zimehesabiwa
☐ Rangi ya ndani na ya nje inafanana
☐ Hakuna mstari mweupe kwenye pini za bega, nyonga na kiuno
☐ Hakuna doa la kutu wala malengelenge
☐ Matairi hayajayeyusha plastiki
☐ Imegeuka kwenda na kurudi, gari limefunga
☐ Imesimama usiku kucha
☐ Chumba cha betri ni safi, chaja ni ya 100–240
☐ Muuzaji ameandika kama ni orijino, kopi au ya pembeni
☐ Hesabu ya ushuru na VAT imefanyika

Visanduku vya pini, kugeuka na kusimama vikikosa alama, acha hata kama vingine vyote vimejaa. Vingine vinakuwa hoja za kupunguza bei.

Kama ndiyo unaanza na uko huku pwani, hukumu yangu ni hii: usianze na seti ya kuungana wala roboti ya mota. Nunua moja ya daraja la Voyager, mpya, isiyo na sehemu za fedha inayong'aa wala matairi ya mpira laini. Viungo vyake ni vinene, plastiki yake inavumilia joto letu, na mtoto wa miaka 8 anaweza kuigeuza bila kukuita. Ukae nayo mwaka mzima, masika na vuli zote zipite juu yake, uone kabati lako linatunza namna gani, ndipo uagize Masterpiece.